Amri ya am na mlango wa uani wa Android

Wadau, leo turudi nyuma hadi Septemba 2008, Android 1.0 ilipotoka. Tangu wakati huo kila programu unayosakinisha hupewa nambari yake ya utambulisho, na huduma za mfumo huikagua kabla ya kukubali ombi. Programu yako ikitaka kubonyeza skrini juu ya programu nyingine kimyakimya, sahau!

Lakini watengenezaji wa Android wenyewe walihitaji kuijaribu simu kupitia waya wa USB. Ndipo tukapata amri kama am, ya kuanzisha programu, na pm, ya kuzisakinisha. Niliifungua am kwenye Huawei IDEOS (mnaikumbuka? 2011, takriban shilingi 8,000) nikakuta skripti fupi mno:

base=/system
export CLASSPATH=$base/framework/am.jar
exec app_process $base/bin com.android.commands.am.Am "$@"

Basi. Hiyo app_process ndiyo huanzisha Zygote, mzazi wa programu zote simu inapowaka. Hapa imeambiwa tu iendeshe klasi moja ya Java.

Nawe unaweza. Weka jar yako ndani ya /data/local/tmp, iite vivyo hivyo kutoka kwenye tarakilishi, nayo itaendeshwa kwa jina la mtumiaji shell, nambari 2000, mwenye ruhusa ambazo programu ya kawaida haipati. Huhitaji root, wala kusakinisha chochote. Kwangu hii ni njia safi kuliko kuivunja simu nzima. Taabu ni kwamba unaanza mikono mitupu: huduma unazitafuta kwa jina kupitia ServiceManager, klasi ambayo SDK inaificha.

Machi 2018 Romain Vimont wa Genymobile alitoa scrcpy, inayoonyesha na kuendesha simu kutoka kwenye tarakilishi kwa mbinu hii hii. Mwenye simu ambayo kioo chake hakisikii tena kidole anaweza kuokoa picha zake, mradi aliwasha USB debugging mapema. Mwaka huohuo Android 9 ikaziwekea programu uzio dhidi ya klasi zilizofichwa, ila scrcpy haikuzuiwa, kwa kuwa haizaliwi na Zygote.

Kinachoisumbua ni kitu kidogo zaidi. Google hubadilisha vigezo vya mbinu hizo za ndani bila kuahidi mtu yeyote lolote, kwa hiyo msimbo wa kusoma ubao wa kunakili pekee una matawi kadhaa, ukijaribu umbo moja baada ya jingine hadi moja likubali.