Simba, Taji na Nyota: Nishani za Kijeshi za Bulgaria Tangu 1880

Historia ya nishani za Bulgaria inaanza na katazo. Mwezi Aprili 1879, wajumbe waliokusanyika katika mji wa kale wa Tarnovo kuiandikia nchi yao katiba ya kwanza waliamua kwamba Bulgaria mpya isiwe na vyeo vya kikabaila wala nishani za aina yoyote. Karibu karne tano walikuwa wametawaliwa na Milki ya Osmani, na hawakutaka kumwondoa bwana mmoja ili wajitengenezee mabwana wengine. Upenyo waliouacha ulikuwa mmoja tu: mtawala angeweza kuweka alama moja ya sifa, kwa vitendo halisi vya vitani, na kwa wanajeshi peke yao. Lugha nayo ina kisa chake hapa. Neno letu nishani limetoka kwa Waajemi, na Waosmani nao walizitaja tuzo zao kwa neno hilo hilo. Zamu ya Wabulgaria ilipofika, wakachukua neno la Ulaya, orden.

Uhuru wenyewe uliletwa na vita vya Urusi na Uturuki vya 1877 na 1878, na mtawala wa kwanza, Alexander wa Battenberg, alikuwa kijana wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani na mpwa wa malkia wa Urusi. Januari 1880 aliutumia upenyo ule wa katiba akaanzisha Nishani ya Ushujaa. Umbo lake halikubadilika sana kwa miaka zaidi ya sitini: msalaba wa mikono minne, panga mbili zikipishana katikati ya mikono hiyo, na kwenye duara la kati simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, amezungukwa na maneno "Kwa Ushujaa". Ya maofisa ilipakwa rangi ya kioo iliyochomwa juu ya madini. Ya askari wa kawaida ilikuwa madini matupu. Utepe wake ni wa buluu ya anga.

Miaka miwili haikupita kabla ya katazo kuvunjwa. Katika majira ya kuchipua ya 1881 Alexander aliisimamisha katiba akajitwalia madaraka yote, na Desemba ya mwaka huo huo akaanzisha Nishani ya Mtakatifu Alexander, ambayo raia pia waliweza kuipata. Katiba ilirejeshwa 1883, nishani ikabaki. Anayeishika leo hukuta mbele msalaba mweupe na maneno "Mungu yu pamoja nasi". Akiigeuza, anasoma Februari 19, 1878. Mwanafunzi aliyekariri kwamba Mkataba wa San Stefano, uliomaliza vita vile vya Urusi na Uturuki, ulitiwa saini Machi 3 atadhani ameuziwa bandia. Tarehe zote mbili ni za siku moja. Bulgaria ilifuata kalenda ya Julius hadi 1916, na katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 12.

Novemba 1885 Serbia iliishambulia Bulgaria, ambayo ilikuwa imetoka tu kuungana na jimbo la Rumelia ya Mashariki. Urusi, kwa kuchukizwa na muungano huo, ilikuwa imewaondoa maofisa wake, na jeshi likabaki mikononi mwa makapteni vijana. Wakashinda pale Slivnitsa. Ushindi huo uliupa msalaba wa 1880 heshima ambayo amri ya mtawala peke yake isingeweza kuupa. Mwaka uliofuata Alexander mwenyewe alilazimishwa kujiuzulu.

Aliyemfuata, Ferdinand wa Saxe-Coburg na Gotha, alikalia kiti kuanzia 1887 hadi 1918, na alipenda nishani kupita kiasi. Alianzisha Nishani ya Utumishi wa Kiraia mwaka 1891, Nishani ya Utumishi wa Kijeshi mwaka 1900, na ile ya Watakatifu Cyril na Methodius mwaka 1909. Nchi iliyoapa kutokuwa na nishani ikawa na kabati zima. Nchi haikuwa na kiwanda chake cha sarafu, hivyo kazi ilipelekwa nje: kwa mafundi wa Vienna kama Rothe na Schwerdtner, na kwa Paul Telge wa Berlin. Ndiyo maana mkusanyaji hukagua pete ya kuning'inizia na ukingo wa nyuma kwa kioo cha kukuzia, akitafuta mhuri wa fedha wa Austria au jina la fundi. Na mwaka 1908, Ferdinand alipotangaza uhuru kamili na kujiita Tsar, maandishi yanayozunguka sura yake kwenye medali za utumishi yalibadilika. Penye neno la mwanamfalme ni kabla ya 1908. Penye neno Tsar ni baada yake.

Vita vya Balkani vya 1912 na 1913 vilileta ushindi mkubwa kisha hasara kubwa, na Oktoba 1915 Bulgaria ikaingia Vita Kuu ya Kwanza upande wa Ujerumani na Austria. Hapo Nishani ya Ushujaa ilivuka mipaka. Misalaba iliyotolewa katika vita hivyo ina mwaka 1915 nyuma, na haikuishia kwenye vifua vya Wabulgaria: rubani Mjerumani Manfred von Richthofen alikuwa nayo. Si ajabu basi kwamba vipande vingi vinavyouzwa leo vinatoka kwenye masanduku ya familia za Kijerumani, vikiwa vimeshonwa safu moja na Msalaba wa Chuma.

Vita hivyo viliisha kwa kushindwa, na Mkataba wa Neuilly wa Novemba 1919 uliipunguza Bulgaria ardhi na kulikata jeshi lake hadi watu 20,000. Nchi iliyoshindwa haina haraka ya kugawa medali. Mwaka 1933 ndipo Tsar Boris III, mwana wa Ferdinand, alipotoa medali za kumbukumbu kwa waliopigana miaka ile, na washirika wa zamani nao wakaruhusiwa kuziomba. Ile ya 1915–1918 ndiyo medali ya Bulgaria iliyo rahisi kupatikana kuliko zote. Iangaliwe utepe: wenye mstari mweusi ulikwenda kwa ndugu wa aliyekufa vitani. Muuzaji asiyejua huuondoa utepe huo kwa sababu umechakaa, na kwa mkasi mmoja anamfuta marehemu.

Septemba 9, 1944 serikali ilipinduliwa, na miaka miwili baadaye kura ya maoni ikauondoa ufalme. Taji likatoka, nyota yenye pembe tano ikaingia. Mwaka 1945 ulizaliwa mfululizo mpya, ikiwemo Nishani ya Septemba 9, 1944, yenye panga kwa wanajeshi na isiyo na panga kwa raia, pamoja na medali ya Vita vya Kizalendo. Mwaka huo huo yalifanyika mageuzi ya tahajia, na kwa maoni yangu huo ndio ufunguo bora kuliko mihuri yote. Tahajia ya zamani iliweka herufi isiyotamkwa mwishoni mwa maneno mengi yaliyoishia na konsonanti. Ile mpya iliitupa, pamoja na herufi mbili nyingine za kale. Msalaba unaodaiwa kuwa wa Ferdinand ukiwa na tahajia mpya, mjadala umekwisha.

Zama za ujamaa zilikuwa na utajiri wake na uchovu wake. Nishani ya Georgi Dimitrov ilianzishwa 1950, mwaka mmoja baada ya kifo cha kiongozi huyo wa kikomunisti, na kiwanda cha sarafu cha Sofia kikafunguliwa 1952. Chini ya Todor Zhivkov, aliyetawala baadaye, kila maadhimisho yalidai medali yake: miaka 100 ya maasi ya Aprili dhidi ya Waosmani, miaka 1300 ya dola, miaka 40 ya ushindi dhidi ya Hitler. Nembo ya taifa nayo husaidia kupanga umri: hadi 1971 utepe wake ulikuwa na Septemba 9, 1944 tu, na baada ya hapo ukaongezewa mwaka 681, mwanzo wa dola ya kwanza ya Wabulgaria. Ni hesabu ya kisiasa, lakini humfaa mkusanyaji.

Zhivkov aling'olewa Novemba 10, 1989. Miaka ya dhiki iliyofuata iliwafanya wengi wauze walichonacho, na mbao za wachuuzi karibu na kanisa kuu la Alexander Nevsky jijini Sofia zikajaa nishani za zama zote, za taji na za nyota, zimelazwa pamoja juu ya kitambaa kimoja. Sheria ya 2003 ilipanga upya nishani za jamhuri, na majina ya zamani yakarudi: Ushujaa, Utumishi wa Kijeshi, Utumishi wa Kiraia, Cyril na Methodius. Simba amerudi pia, safari hii chini ya rais, na maandishi yanayomzunguka ni ya tahajia ya 1945. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukionyeshwa msalaba wenye utepe wa buluu unaosifiwa kuwa umetoka Slivnitsa, usianze na bei wala mng'ao. Soma herufi ya mwisho.