Maswali Bungeni juu ya Karanga na Reli ya Kusini

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, Bodi imetuagiza tuandike habari moja ya historia itakayowafaa wanachama. Habari za maghala, mizani na minada yetu zimo katika kurasa nyingine za kijitabu hiki, tena pamoja na picha. Sisi tumechagua habari ya reli ambayo wazee wetu waliiona kwa macho yao, na ambayo vijana wetu hawaijui ila kwa kusimuliwa. Ni reli ya Mtwara na Nachingwea. Twataka kueleza jinsi ilivyojengwa, na maswali yaliyoulizwa katika Bunge la Uingereza juu ya kilimo kile kilichoizaa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwezi Machi 1946 Bwana Frank Samuel wa United Africa Company aliipelekea Serikali yake shauri la kulima karanga kwa mashine katika Tanganyika. Watu watatu wakatumwa kuitazama nchi, mkubwa wao akiwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa kilimo hapa. Sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka angani wakiwa ndani ya ndege, wakarudi na taarifa yao baada ya wiki chache tu. Novemba 1946 Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, alilitangazia Bunge lake kwamba eka 3,210,000 zitafyekwa na kulimwa, nyingi Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa yapata paundi milioni 25. Katika nchi yetu zilichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Mwanachama anayejua jembe ataona mara moja yaliyofuata. Kongwa iko Ugogo, na Mgogo yeyote angaliweza kuwaambia habari za mvua ya kwao. Udongo wake mwekundu hulainika wakati wa mvua, kisha hukauka ukawa kama sakafu, hata karanga zilizokomaa zikashindikana kung'olewa. Mibuyu na vichaka vilivunja mashine. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, na hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa matrekta. Bandari ya Dar es Salaam na Reli ya Kati hazikuweza kubeba shehena ile yote kwa wakati. Ilikusudiwa kufyeka eka 150,000 katika mwaka 1947, lakini zilizopandwa msimu ule wa kwanza zilikuwa yapata 7,500.

Hapo ndipo wabunge walipoanza kuuliza. Inafaa tueleze kidogo desturi ya swali la bunge, maana Bunge letu wenyewe hulifuata kwa mtindo ulio karibu na ule. Mbunge hupeleka swali lake kwa maandishi kabla ya siku yake. Waziri hupewa nafasi ya kutafuta jibu kwa wataalamu wake, naye hulisoma mbele ya wote. Basi swali la kwanza huwa kama kubisha hodi. Nguvu imo katika swali la nyongeza, ambalo mbunge huliuliza papo hapo baada ya kusikia jibu, na Waziri halijui kabla halijatamkwa. Maneno yote huandikwa katika Taarifa Rasmi, hata mtu wa miaka sabini baadaye aweza kuyasoma.

Wapinzani wa Serikali ya chama cha Labour waliuliza mengi: eka ngapi zimefyekwa, matrekta mangapi yanatembea, kila eka imegharimu kiasi gani. Twakiri kwamba wengine hawakuulizana kwa ajili ya karanga wala kwa ajili ya Tanganyika. Walitafuta kiti cha Waziri. Hata hivyo swali lililo jema halipungui wema kwa sababu ya nia ya muulizaji. Pale palipokuwa na ugumu ni kwenye majibu. Mwaka 1948 kazi ilitolewa kwa United Africa Company ikawekwa chini ya shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, chini ya uenyekiti wa Sir Leslie Plummer. Shirika lilikuwa mali ya umma, na fedha zake zilitoka hazina, lakini kazi zake za kila siku hazikuwa za Waziri. Kwa hiyo mbunge aliyeuliza habari za kazi hizo aliweza kujibiwa kwamba ni jambo la Shirika. Mtu aliyepata kuuliza deni lake katika ofisi mbili zinazotupiana faili anaijua njia hiyo vizuri.

Kilichoufungua mlango ni daftari. Taarifa ya kwanza ya mwaka ya Shirika, iliyoishia Machi 1949, ilipotolewa, wakaguzi wa hesabu hawakuweza kuthibitisha kwamba vitabu vimetunzwa ipasavyo, ingawa sheria yenyewe ililitaka jambo hilo. Sisi tulio makatibu wa vyama tunajua uzito wa maneno ya namna hiyo yakitoka kwa mkaguzi. Chama cha msingi kikiandikiwa hivyo, mkutano mkuu hauishi kabla ya magharibi. Tarehe 21 Novemba 1949 Bunge lilijadili jambo hilo kwa ukali. Wapinzani walitaka uchunguzi ufanywe, Serikali ikakataa, na kwa kuwa ilikuwa na wabunge wengi zaidi, ikashinda kwa kura. Lakini tarakimu zilikwisha kusomwa hadharani. Katika mwaka ule ule shabaha ya eka milioni tatu na zaidi ilishushwa hadi 600,000, na wajumbe wawili wa bodi ya Shirika wakaondolewa. Januari 1951 Serikali ikatangaza kwamba mpango umekwisha, na fedha zilizofutwa zikawa zaidi ya paundi milioni 36.

Sasa tuitazame reli, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyotugusa sisi wa kusini. Ilifikiriwa kwamba Nachingwea itatoa karanga nyingi kupita uwezo wa barabara na majahazi ya Lindi. Kwa hiyo ikaamriwa ijengwe reli, na ijengwe bandari mpya yenye maji ya kina kirefu katika Mtwara. Treni za kwanza zilianzia Mkwaya, katika hori ya Lindi, na reli ilifika Nachingwea mwaka 1949. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya mpango wenyewe kufutwa! Meli zikakuta gati zuri, na karanga hazikuwapo. Treni zilibeba shehena isiyotosha gharama ya njia, na mwaka 1962, mwaka mmoja tangu kupata Uhuru, reli ilifungwa, kisha vyuma vyake viking'olewa. Mkulima ambaye hakuulizwa wakati wa kujenga hakuulizwa pia juu ya hesabu iliyofanya ing'olewe.

Maana ni nani aliyeweza kuuliza kwa niaba yake? Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao walikuwa wawili, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukuma na Chifu Abdiel Shangali wa Machame. Waliteuliwa na Gavana. Uchaguzi ulikuja mwaka 1958. Hatuwalaumu watu hao, kwani mpango ulikuwa wa London, fedha zilikuwa za London, na Waziri mwenye kuujibia alikaa London. Katika majadiliano yale ya Bunge la Uingereza hapana mbunge aliyechaguliwa na mtu wa Kongwa wala wa Nachingwea. Walipouliza juu ya hasara, waliuliza hasara ya mlipa kodi wa Uingereza. Hiyo ilikuwa haki yao. Lakini swali kwamba mvua ya Ugogo imepimwa kwa miaka mingapi, au kwamba mkulima wa Masasi angeweza kusafirisha nini kwa reli ile kama angepewa bei na mbegu, lilihitaji mtu wa kuliuliza kabla ya trekta la kwanza kushushwa melini.

Wanachama watatuuliza kama mambo yamebadilika. Yamebadilika, kwa kuwa sasa tunao wabunge tunaowapigia kura. Juni 2018 wabunge wa mikoa ya kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama katika Bunge la Tanzania kuuliza juu ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje. Kwa sheria ya wakati ule asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ya kuliendeleza zao lenyewe, nao walitaka kujua fedha hizo ziko wapi. Muswada ulipita, na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu. Novemba ya mwaka huo huo, bei ya minada ilipogomewa, Serikali ilitangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakazisomba. Kuuliza peke yake hakukuzuia neno. Lakini maswali yale yaliulizwa na watu waliojua gunia la korosho lina uzito gani, na yamo katika Taarifa Rasmi.

Na reli? Kwa miaka mingi imezungumzwa reli mpya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, na wabunge wameiulizia mara nyingi. Makaa na chuma vimetajwa sana katika habari hiyo. Korosho, ufuta na mbaazi zimetajwa kidogo, na hapo twaona kazi yetu. Mbunge akitaka kuuliza ni tani ngapi za wakulima zingeweza kupanda reli hiyo, na nauli ya lori inakula kiasi gani cha bei ya kilo moja, hatazipata tarakimu hizo kwa Waziri. Zimo katika vitabu vya vyama vya msingi, kwenye hati za mizani na stakabadhi za maghala. Tunawaomba makatibu wa vyama wazijumlishe msimu kwa msimu na kuzileta Chama Kikuu kabla ya mkutano mkuu ujao, zikiwa zimetiwa sahihi na wenyeviti wao.