Gari la viti saba: hesabu watu, kisha hesabu mizigo

Watu wa Pwani tulio huku Kakamega kwa kazi na biashara tuna swali ambalo halikosi kila Desemba ikikaribia: gari gani la viti saba litatufaa? Hatulitaki la kwenda sokoni tu. Tunataka la kuiteremsha familia Mombasa, karibu kilomita 850, pamoja na nyanya, watoto na gunia la mahindi, kisha lirudi na nazi. Nimeulizwa mara nyingi, basi naweka hapa ninayoyajua.

Umri wa gari

Mengi ya magari haya ni yaliyotumika Japani yakashushwa Kilindini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Toyota Wish na Toyota Isis ziliacha kutengenezwa 2017, kwa hivyo tangu 2025 mlango wao umefungwa. Wish unayouziwa leo imeshatembea barabara zetu kwa miaka. Spea zake zapatikana na mafundi wanaijua, lakini usiinunue kwa bei ya gari lililotoka melini jana.

Ndogo: Sienta na Freed

Toyota Sienta na Honda Freed zina injini ya lita 1.5 na hazili mafuta mengi. Milango yao ya nyuma hufunguka kwa kusukumwa pembeni, jambo jema kwa mzee na kwa mama mwenye mtoto mkononi. Sienta ya 2015 hadi 2022 safu yake ya tatu hukunjwa ikaingia chini ya safu ya pili. Lakini angalia vizuri, kwa sababu kuna Sienta za viti vitano pia. Ubaya wake ni kwamba watu saba wakikaa, buti lililobaki ni la mkoba mmoja au miwili. Tena tumbo la Sienta liko kama milimita 145 tu kutoka chini. Kwenye udongo wetu mwekundu mvua ikinyesha, utalisikia likikwaruza.

Za kati: Noah, Voxy na Serena

Toyota Noah na Voxy ni ndugu, tofauti yao kubwa ni sura. Za 2014 hadi 2021 zina injini ya lita 2.0, au ya lita 1.8 iliyosaidiwa na betri. Nissan Serena nyingi ni za lita 2.0. Hapa mtu mzima anaweza kukaa safu ya tatu bila kukunja magoti hadi kidevuni. Kwa safari ya Mombasa, hizi ndizo ninazozipendekeza kwa familia ya watu saba kamili.

Ndefu: X-Trail, Fortuner na Prado

Nissan X-Trail ya 2013 hadi 2022 ina tumbo la milimita 205, na baadhi yake zina safu ya tatu. Safu hiyo ni ya watoto, na ikiinuliwa buti hubaki lita 135 tu. Toyota Fortuner na Prado zina nguvu na hustahimili barabara mbovu, lakini bei, mafuta na matairi yake si ya kila mfuko.

Australia nao huendesha upande mmoja nasi. Huko familia nyingi hununua Kia Carnival ya viti vinane, kwa sababu viti vyote vikijaa buti bado lina lita 627. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka tuifanye hata sisi: viti vikijaa, mizigo itakaa wapi?

Milima na gea

Kakamega iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na ukipitia Timboroa unapanda zaidi ya mita 2,700. Wish, Sienta, Noah, Serena na X-Trail nyingi zina gea otomatiki ya CVT. Gea hii haipendi mzigo mkubwa mlimani, oili yake ikichemka huharibika, na kuitengeneza ni ghali. Tia oili ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji, si oili yoyote. Kabla ya kulipa, lijaribu gari kwenye mlima likiwa na watu ndani, usizunguke nalo uwanjani tu.

Liliwahi kuwa matatu?

Huku magari mengi ya viti saba yamefanya kazi ya kubeba abiria. Inua zulia, tazama sakafu, tazama viti vya nyuma na kingo za milango. Rekodi ya mwenye gari itafute NTSA kupitia eCitizen. Na wewe ukishalinunua, usishawishike kuchukua abiria wa nauli ili upate hela za mafuta. Bila leseni ya PSV na bima yake, ajali ikitokea kampuni ya bima yaweza kukataa kulipa, na matibabu ya abiria yakawa juu yako.

Safu ya tatu

Katika magari madogo, kichwa cha anayekaa nyuma kabisa kiko karibu sana na kioo cha nyuma. Ndiko tunakowaweka watoto, kisha tunawarundikia mabegi juu ya miguu. Kabla ya kununua, vuta mikanda yote saba uone inafunga. Kisha ipakie familia yako na mabegi yao pale pale kwa muuzaji. Wasipoenea hapo, hawataenea Mtito Andei. Ni heri gari la kawaida la viti vitano na wawili wapande basi, kuliko saba waliobanana bila mikanda.