Hesabu ya Mwaka na Somo la Karanga za Kongwa



Mwaka unapokaribia kwisha, watu wengi hushika kalamu wakaandika mambo mawili. La kwanza ni malengo: nilinuia nini mwaka huu, na katika niliyoyanuia nimetimiza lipi. La pili ni vipendwa: chombo gani kipya kilinifaa, kitabu gani nilikisoma kikanikaa moyoni, mchezo gani au tamthilia gani ilinifurahisha. Zamani mambo haya yaliandikwa katika daftari. Siku hizi aghalabu huandikwa katika simu. Ni desturi njema, na anayeifanya ni bora kuliko yule ambaye miaka humpita kama mabasi yapitayo barabarani, asijue lililokwenda wala lililorudi.

Lakini desturi hii ina ila moja. Malengo huandikwa ukurasa wake na vipendwa huandikwa ukurasa wake, wala kurasa hizo mbili hazikutanishwi. Mtu huandika upande mmoja kwamba mwaka umempita bila ya kumaliza masomo aliyoyaanza, kwa kuwa hakupata nafasi. Upande wa pili huisifu tamthilia aliyoitazama kila usiku kwa miezi mitatu. Haoni kwamba ukurasa wa pili ndio jawabu la ukurasa wa kwanza. Basi leo twataka kuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba hesabu ya mwaka haiwi hesabu mpaka malengo na vipendwa vipimwe katika mizani moja.

Tuanze na mwaka wenyewe. Tarehe ya Hijra tunayoitumia iliwekwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Khattab, kiasi cha mwaka wa 17 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 638. Wanahistoria husimulia kwamba Abu Musa al-Ash'ari, aliyekuwa gavana wa Basra, alilalamika kuwa barua zamfikia hazina tarehe, asijue ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Husimuliwa pia habari ya hati ya deni iliyoandikwa kuwa malipo ni mwezi wa Shaaban, watu wakaulizana: Shaaban ya mwaka huu, au ya mwaka ujao? Tazama basi, ndugu yangu, jinsi kuhesabu miaka kulivyofungamana na mambo ya barua, madeni na ahadi. Mwaka uliwekewa namba ili mtu aweze kuulizwa: ulisema lini, na umetekeleza lini?

Baadaye wanavyuoni waliichukua hesabu hiyo wakaiingiza ndani ya nafsi. Alikuwako Basra, kisha Baghdad, mwanachuoni aitwaye Harith, aliyefariki mwaka 857, ambaye kwa wingi wa kujihesabu watu walimpa lakabu ya al-Muhasibi. Na Imamu Ghazali (1058–1111), katika kitabu chake kikubwa, Ihya, aliweka mlango mzima wa jambo hili, akaifananisha nafsi na mshirika wa biashara. Mfanyabiashara mwenye akili, akitaka kumkabidhi mshirika mali yake, kwanza huwekeana naye masharti. Pili humwangalia kazi inapoendelea. Tatu hukaa naye chini wakahesabiana faida na hasara. Na ikidhihiri hiyana, humchukulia hatua. Sikiliza mpango huo vizuri. Hesabu ni jambo la tatu. Mtu anayengoja mwisho wa mwaka ndipo afungue daftari ameliruka jambo la pili, nalo ni kuangalia.

Sasa tutoke Baghdad tuje katikati ya nchi yetu. Anayesafiri kwa barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Dodoma, akishaipita Gairo, hufika Kibaigwa, mji wa wilaya ya Kongwa uliojulikana kwa soko lake kubwa la mahindi. Kibaigwa watu wanajua mizani. Wanaijua pia lumbesa, yaani lile gunia linalojazwa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kilemba cha juu na kushonwa kwa kamba, likauzwa kwa bei ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku lumbesa mara nyingi, kwani humpunja mkulima jasho lake la mwaka mzima. Hakuna mahali panapofaa zaidi kwa mazungumzo ya kuhesabiana. Na katika wilaya hiyohiyo, kabla ya soko hilo, ulipita mradi ambao malengo yake, mitambo yake, kitabu chake na hata vichekesho vyake vimebaki kuwa funzo kwa dunia. Nao ni mradi wa karanga.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mitambo. Ukatumwa ujumbe wa watu watatu chini ya John Wakefield, aliyepata kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe huo ulitembea kwa kiasi cha wiki 9, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege, kisha ukaandika taarifa. Mwezi wa Februari 1947 malengo yalitangazwa: mashamba 107, kila moja ekari 30,000, jumla yake ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka wa kwanza peke yake zilinuiwa kusafishwa ekari 150,000, na kazi ikaanzia Kongwa.

Hayo ndiyo malengo. Je, na chombo kilichopendwa? Chombo kilikuwa trekta na tingatinga. Imani ya siku zile ilikuwa kwamba mashine zilizoshinda vita haziwezi kushindwa na kichaka. Zikanunuliwa mashine zilizokwisha kutumika, nyingine zikitoka katika akiba za jeshi la Marekani kule Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta. Lakini kichaka cha Kongwa kina mizizi iliyosukana chini ya ardhi, na mibuyu yake haiangushwi kwa urahisi. Udongo wake una mchanga mkali unaokula chuma, na una mfinyanzi ambao kiangazi huwa mgumu kama tofali. Nawe wajua kuwa karanga hukomaa ndani ya udongo. Udongo ukishakuwa tofali, utazing'oaje? Kabla mwaka 1947 haujesha, zaidi ya nusu ya matrekta yalikuwa yamelala, hayafanyi kazi.

Mvua nayo ilikuwa na hesabu yake. Nyanda za Dodoma zina msimu mmoja wa mvua, aghalabu tangu Desemba hadi Aprili, na mvua hiyo huweza kukatika wakati mmea unapoihitaji mno. Wagogo walilijua hilo, kwani walikuwa hawajaisahau njaa waliyoiita Mtunya, iliyowaangamiza wengi kati ya miaka ya 1917 na 1920. Ndiyo maana walitegemea mtama, uwele na mifugo. Elimu hii haikuwa siri. Ilikuwa vinywani mwa wazee, lakini mwenye kuangalia kutoka katika ndege haisikii.

Msimu wa kwanza ulipofika, badala ya ekari 150,000 zilipandwa karibu ekari 7,500, yaani fungu moja katika ishirini. Ukame ukafuata. Karanga zilizovunwa katika misimu ya mwanzo hazikufikia hata uzito wa mbegu zilizonunuliwa. Mwaka 1948 mradi ulihamishiwa shirika la serikali ya Uingereza. Lengo likapunguzwa, kisha likapunguzwa tena hadi ekari 600,000. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu.

Kilichofuata ni kitabu na kicheko. Alan Wood, aliyekuwa akiongoza idara ya habari ya shirika hilo, aliacha kazi na mwaka 1950 akachapisha kitabu, The Groundnut Affair, akieleza yaliyotokea. Huko Uingereza neno karanga likawa la kufanyia mzaha, bungeni na katika majumba ya michezo. Zingatia mfuatano wa mambo, ndugu msomaji: kwanza malengo, kisha mapenzi ya mashine, kisha kitabu cha kueleza hasara, na mwisho watu wakacheka. Hesabu ilikuja, lakini ilikuja fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Yawezekana utasema: hayo ni ya serikali na makampuni, mimi mtu mmoja yanihusu nini? Yakuhusu sana. Kosa la Kongwa lilikuwa na sehemu tatu, na zote tatu huingia katika daftari la mtu mmoja.

Kwanza, malengo yaliandikwa na watu wasioujua udongo. Nawe ukiandika kuwa mwaka huu utasoma vitabu hamsini, na huku kazi yako hukutoa nyumbani alfajiri na kukurudisha usiku, umefanya kama wao. Udongo wako ni saa zako, afya yako na watu wanaokutegemea. Orodha inayojazwa kupita kiasi ni lumbesa: kwa macho yaonekana nono, lakini anayepunjwa ni mwenye gunia.

Pili, chombo kilipendwa hata kikachukua mahali pa kazi. Habari nyingi zilizopelekwa London zilikuwa za ekari na mashine, na huku gunia la karanga likingojewa. Tuitazame simu yetu kwa jicho hilo. Tangu mwaka 2008, ulipoanza Tanzania utumaji wa fedha kwa simu, mfanyabiashara wa Kibaigwa hana haja ya kusafiri na fedha taslimu mfukoni, na bei ya Dar es Salaam huijua siku hiyohiyo. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini simu ileile, baada ya kumpa bei kwa dakika mbili, huweza kumla usiku kucha kwa picha zisizo na mwisho. Chombo ni kimoja. Mapato yako ukurasa wa kwanza na matumizi yako ukurasa wa pili. Asiyezikutanisha kurasa hizo atakisifu chombo na kuilaumu bahati yake.

Tatu, lengo lilipopunguzwa, mwenye kusoma taarifa mpya aliweza kuisahau ya zamani. Usilifute lengo ulilolishindwa. Liache kama lilivyoandikwa, kisha uandike kando yake sababu ya kushindwa. Shaaban Robert (1909–1962), mbali na mashairi yake, aliandika habari za maisha yake mwenyewe, akaendelea kuyatazama hata baada ya kufika miaka hamsini. Mtu wa kalamu kubwa kama ile hakuona aibu kukaa na nafsi yake wakahesabiana.

Basi hesabu ya mwaka yafaa iwe namna gani? Chukua ukurasa mmoja tu. Upande wa kulia andika malengo uliyoyanuia, na upande wa kushoto andika vyombo, vitabu na burudani ulivyovipenda. Kisha kwa kila kimoja cha kushoto jiulize maswali matatu: kimenila saa ngapi kwa juma? Kimenipa nini? Kimelisaidia au kimeliua lengo gani upande wa pili? Utakuta kitabu kimoja ulichokisoma polepole kilizaa kuliko kumi ulivyovifungua tu. Wala burudani isihukumiwe kwa chuki. Mpira uliokukutanisha na ndugu mliokuwa hamsemezani huenda ulitimiza lengo ambalo hukuliandika. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji asiyehesabu hushindwa. Burudani nzuri nayo hufunza hesabu. Kisha usingoje Desemba, wala Muharram. Fanya hivyo kila mwisho wa mwezi, kama mkulima anavyozunguka shamba lake mahindi yangali machanga, wakati palizi ingali yafaa.

Na ukijikuta umeshindwa, usikate tamaa. Ardhi ya Kongwa iliyokataa karanga ilifaa kwa malisho, ikawa na ranchi ya ng'ombe. Na tangu mwaka 1964 Kongwa ilikuwa makao ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO, ANC na SWAPO, ambao nchi zao baadaye zilikombolewa. Leo wakulima wa wilaya hiyo huyapeleka mahindi yao Kibaigwa, na magari ya mizigo huja kuyachukua. Ardhi ni ileile. Lililobadilika ni kwamba iliulizwa inaweza nini, na jawabu likasikilizwa. Iulize nafsi yako vivyo hivyo kabla hujaandika malengo ya mwaka ujao, kisha uandike machache ambayo mizani itaweza kuyapima.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaojihesabu kabla ya kuhesabiwa.