Bahari Iliyokuwa Iringa

Iringa mjini kuna mwamba unaoitwa Gangilonga. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, na simulizi za mji zinasema Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari wakati Wajerumani wakikaribia. Siku hizi watu hupanda kutazama jua likizama na kupiga picha. Mimi jina hilo limekuwa likinisumbua kwa namna nyingine: mawe ya ukanda huu yanasema nini hasa, na yakisema, tuyaamini kwa kiasi gani?

Graniti, au itale kwa Kiswahili cha kamusi, iliwahi kuwagombanisha wasomi wa Ulaya. Abraham Gottlob Werner, aliyefundisha Freiberg huko Ujerumani, alishikilia kwamba ilijitenga na maji ya bahari ya kale iliyofunika dunia yote. Mwaka 1785 Mskoti James Hutton akaenda kwenye bonde la Glen Tilt, akakuta mishipa ya graniti nyekundu imepenya na kuukata mwamba mwingine uliotangulia kuwapo. Jiwe gumu halipenyi hivyo. Lazima liliingia likiwa uji wa moto. Hutton alishangilia kiasi kwamba waliomwongoza walidhani ameona fedha au dhahabu. Nampenda kwa shangwe ile, ingawa alijibu nusu tu ya swali. Kama graniti ilikuwa uji, uji huo ulipikwa kwa unga gani?

Hapo ndipo historia inapoanza kunoga. Mwaka 1974 wanajiolojia wawili waliofanya kazi Australia, Bruce Chappell na Allan White, walipendekeza kwamba graniti zina wazazi tofauti, na mzazi anatambulika kwa mtoto. Zile walizoziita aina ya I zilitokana na kuyeyuka kwa mawe ambayo nayo yaliwahi kuwa magma. Aina ya S zilitokana na mashapo: tope la kale lililofukiwa, likabanwa, likayeyuka. Wakati tope hilo lilipokuwa bado udongo juu ya ardhi, maji yaliondoka na sodiamu na kalisiamu yake, yakaacha mfinyanzi uliojaa alumini. Ndiyo maana graniti ya aina ya S mara nyingi hubeba ulanga mweupe, pengine na garneti. Fikiria: jiwe lililoganda kilomita nyingi chini ya ardhi linatunza kumbukumbu ya mvua.

Jiko kubwa la graniti za aina ya I liko kwenye kingo za mabara. Bamba la sakafu ya bahari linapozama chini ya bara, kama linavyofanya leo magharibi mwa Amerika Kusini, hubeba maji ndani ya madini yake. Maji hayo hutolewa kina kirefu, hupanda, na kulainisha mwamba wa moto ulio juu hadi unaanza kuyeyuka. Sehemu ya magma hutoka kama volkano. Nyingine hukwama, ikapoa taratibu, ikawa graniti. Mapishi haya yana dalili yake. Niobi na tantali hubaki chini, kwa hiyo graniti ya ukingoni huwa na upungufu wa elementi hizo. Mwaka 1984 Julian Pearce na wenzake walichora grafu za kutenganisha graniti za kingo, za migongano ya mabara na za mahali pengine kwa kutumia vipimo vya aina hiyo.

Turudi Iringa. Katikati ya Tanzania kuna kitalu cha bara cha zamani sana, chenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kusini-mashariki yake umejipanga ukanda wa miamba uitwao Usagara. Humo, upande wa mto Ndembera, kuna graniti na mawe ya volkano yenye umri wa karibu miaka bilioni 1.9, na kemia yake ni ya ukingo wa bara, niobi pungufu na yote. Msomaji mwenye haraka angesema mara moja: hapa palikuwa pwani.

Mimi nasita kidogo. Graniti huongea kwa lafudhi ya wazazi wake. Ukichukua mwamba wa ukingoni wa miaka bilioni 2.7 ukauyeyusha baadaye sana, mbali na bahari yoyote, mtoto atazaliwa na upungufu uleule wa niobi. Shahidi huyu hasemi uongo. Anasimulia aliyoyarithi kana kwamba aliyaona.

Ndiyo maana naithamini zaidi ya graniti zote eklojaiti ya kilima cha Yalumba, mkoani humo. Ni jiwe zito la garneti nyekundu na madini ya kijani, na kemia yake inafanana na ya sakafu ya bahari. Ili liwe hivyo lilishuka zaidi ya kilomita 50, kisha likarudishwa juu. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walichapisha umri wake: karibu miaka bilioni 2. Hakuna kurithi hapo. Sakafu ya bahari ilizama kweli.

Lakini tazama tarehe. Kati ya eklojaiti na graniti nyingi za Ndembera kuna pengo la takriban miaka milioni 100, muda mrefu kuliko uliopita tangu dinosaria watoweke. Je, bahari iliendelea kuzama muda wote huo, au graniti zilipikwa kwa kiporo, bahari ikiwa imeshafungwa? Ushahidi uko ndani ya chembe za zirikoni, ndogo kama punje za mchanga, ambazo hufungia urani na kuiacha igeuke risasi kwa kasi inayojulikana. Baadhi zina kiini kikuukuu kilichosalia kutoka kwa mzazi, na ganda jipya juu yake. Wanaozipima wanapaswa kupiga kila tabaka peke yake, moja baada ya nyingine, huku mawe ya aina hiyohiyo yakipondwa kuwa kokoto.