Ukoo na Kipimo: Juu ya Kukuza Injini za Vespa Kuukuu Unguja

Shabaha ya makala haya ni kueleza kazi moja ya mafundi wa vyombo vya moto, nayo ni kukuza injini ya vespa kuukuu kwa kuitia vipande vya vespa nyingine za ukoo wake. Kazi hiyo yaweza kumfundisha jambo mtu ashughulikaye na historia, hasa historia ya lugha: kwamba jina na ukoo havitoshi kutuambia kipi kitapokea kipi. Kinachoamua ni kipimo cha pale vitu viwili vinapokutana.

Mji Mkongwe wa Unguja ulijengwa kabla ya kuja motokaa. Vichochoro vya Hurumzi, Kiponda na Malindi huwapitisha watu na magurudumu mawili, lakini mahali pengi motokaa haipiti. Hapana ajabu, basi, kwamba vespa ilipendwa, hata jina lake likawa jina la skuta yoyote, awaye yote aliyeitengeneza. Kwa Kiitaliano neno hilo maana yake ni nyigu. Vespa ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Piaggio huko Pontedera, Italia, mwaka 1946, nayo ilibuniwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi aliyezoea kazi ya ndege. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 50, na pistoni ilikwenda milimita 50. Ujazo wake ukawa cc 98.

Chombo kidogo cha namna hii chafaa vichochoroni, walakini kisiwa si vichochoro tu. Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na mwenye vespa hutoka mjini kwenda shamba akiwa na mtu nyuma yake na mzigo miguuni. Hapo ndipo injini ya cc 125 inapoonekana haba. Tena baada ya Mapinduzi ya 1964 uagizaji wa bidhaa ulishikwa na Serikali, na vitu vingi vikawa adimu mpaka biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Katika hali kama hiyo, kukitupa chombo na kununua kikubwa zaidi si shauri la kila mtu. Shauri lililo jepesi ni kuuliza: kipande gani cha vespa nyingine kitakubali kukaa hapa?

Jibu limo katika hesabu. Ujazo wa silinda hupatikana kwa kuzidisha eneo la duara lake kwa mwendo wa pistoni. Tutazame vespa za namna ya PX, zilizotokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Ile ya 125 ina kipenyo cha milimita 52.5 na mwendo wa milimita 57, yaani cc 123.4. Ile ya 150 ina kipenyo cha milimita 57.8, na mwendo wake ni ule ule 57, yaani cc 149.6. Kwa kuwa mwendo haukubadilika, krankshafti haina haja ya kuguswa. Fundi huondoa silinda, pistoni na kifuniko cha 125, akaweka vya 150 juu ya kasha lile lile la injini, na ujazo huongezeka kwa zaidi ya sehemu moja katika tano. Kanuni hii si ya vespa peke yake. Honda C50 na C70 zina mwendo mmoja wa milimita 41.4, vipenyo ndivyo vilivyotofautiana, 39 na 47.

Sasa mtu aweza kudhani kwamba ndugu wa tatu, yaani vespa ya 200, atafaa vile vile. Naye ana mwendo wa milimita 57, na kipenyo chake ni 66.5. Lakini silinda yake haikai juu ya kasha la 125, kwa sababu mdomo wa kasha lake ni mpana zaidi. Huyu ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata hivyo hapokelewi. Kwa upande wa pili, kampuni ya LML ya Kanpur, India, ilitengeneza skuta kwa mfano wa PX tangu miaka ya 1980, ikafungwa mwaka 2018. Vipande vyake vingi huingia katika vespa ya Italia bila ugomvi, ingawa hapana budi kutazama kwanza njia za kupitishia hewa na petroli, kwani hizo hazikuwa sawa katika kila injini.

Mwanafunzi wa lugha ataitambua habari hii. Neno kitabu ni la Kiarabu, na ile k ya mwanzo ni herufi ya mzizi wake, si kiambishi. Walakini mdomo wake ulilingana na ngeli ya ki- na vi-, na leo twasema vitabu bila kusita. Hata kipilefti cha barabarani, kilichotokana na amri ya Kiingereza ya kushika upande wa kushoto, kimepata wingi wake, vipilefti. Kinyume chake, Mkikuyu humwita mtu mũndũ. Neno hilo ni ndugu halisi wa mtu, maana yote mawili yana asili moja ya Kibantu. Lakini Mswahili akisikia mundu hufikiri chombo cha kukatia. Nafasi imekwisha kushikwa.

Mfano huu una mpaka wake. Vinywa vya wasemaji hulainisha neno geni hata likakaa, bali chuma hakilainiki kwa kusemwa. Silinda ikikua, kabureta hutaka kupimwa upya, kwani mchanganyiko ukipungua petroli pistoni huungua. Gia zilizowekewa injini ndogo hazitageuza nguvu yote kuwa mwendo wa kasi. Na breki hubaki zile zile, ijapokuwa mzigo umezidi. Hili ni jambo la uhai wa mtu.

Kuna jambo moja zaidi limhusulo mwanahistoria. Namba ya injini hupigwa juu ya kasha, na kasha halikubadilishwa. Hati ikisema 125, na namba ikikubaliana nayo, silinda yaweza kuwa ya 150. Atakayeandika taarikh ya vyombo hivi kwa kusoma hati na majina peke yake ataandika lisilokuwapo. Hana budi kufungua kifuniko na kupima kipenyo.

Na kabla ya kupima, yafaa amsikilize fundi. Kiunguja kiliteuliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, nasi tumekusanya kwa bidii maneno yake ya bahari, ya karafuu na ya mashairi. Maneno ya karakana hayajapata bidii hiyo. Elimu ya kipi chakubali kipi imekaa katika vichwa na mikono ya wazee, na vespa hizi zikiisha barabarani haitakuwapo sababu ya kuwafundisha vijana. Watafiti wetu wachukue daftari na kipimo, waende karakana, waandike majina ya vipande pamoja na milimita zake.