Mawe ya Shinkolobwe

Mwaka 1915, katika jimbo la Katanga, Kongo ya Wabelgiji, karibu na mji unaoitwa leo Likasi, mtafuta madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aligundua urani mahali paitwapo Shinkolobwe. Siku hizo urani haikuwa na thamani kubwa. Mali ilikuwa radiamu, ambayo hupatikana kwa kiasi kidogo sana ndani ya mawe hayohayo, ikitumika kutibu saratani na kupakwa kwenye saa ili ziwake gizani. Kampuni ya Union Minière ilianza kuchimba mwaka 1921, mawe yakawa yanapelekwa kiwandani Olen, Ubelgiji. Radiamu ikiisha kutolewa, urani iliuzwa kwa watia rangi vioo na vyombo vya udongo.

Mawe yenyewe ni meusi, mazito kuliko yanavyoonekana, na juu yake kuna utando wa manjano, wa chungwa na wa kijani. Wakongomani ndio walioyachimba na kuyachambua kwa mikono, wakitenga yaliyo mazuri na mabovu. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa, maji yakajaa mashimoni.

Mwishoni mwa 1938 ikagunduliwa mjini Berlin kwamba kiini cha atomu ya urani kinaweza kupasuliwa. Mambo yakageuka: urani sasa ingeweza kutengenezewa bomu. Barua ya Agosti 1939 aliyoitia saini Albert Einstein ilimtajia Rais Roosevelt wa Marekani Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo cha urani kilicho muhimu kuliko vyote. Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa ameshadokezwa na Waingereza uzito wa urani hiyo. Mwaka 1940, Wajerumani walipoiteka Ubelgiji, aliagiza tani zipatazo 1,200 za mawe yaliyokwisha kuchimbwa zisafirishwe hadi New York kupitia bandari ya Lobito, Angola. Mapipa yakawekwa ghalani Staten Island, yakakaa karibu miaka miwili.

Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani katika mradi wa siri wa bomu la atomu, Kenneth Nichols, alimwendea Sengier ofisini kwake. Haikupita saa moja wakawa wamepatana, na masharti makuu yameandikwa kwenye karatasi ya manjano. Nichols alikuwa na sababu ya kufanya haraka: mawe yale yalikuwa na oksidi ya urani kama asilimia 65, ilhali ya Colorado hayakufika hata asilimia 1. Wahandisi wa Kimarekani wakaenda kusaidia kuufufua mgodi. Maji yakavutwa, na shehena zikawa zinasafiri kwa reli hadi Ilebo, kwa matishari kupitia mito ya Kasai na Kongo hadi Léopoldville, kisha kwa reli tena hadi bandari ya Matadi.

Takriban theluthi mbili ya urani ya mradi wa bomu ilitoka Kongo. Kiwanda cha Oak Ridge kilirutubisha urani. Vinu vya nyuklia vya Hanford viliigeuza kuwa plutoniamu. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lenye kilo 64 za urani liliangushwa Hiroshima. Siku tatu baadaye Nagasaki ikapigwa kwa bomu la plutoniamu, kilo 6 na ushei. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na wapatao 70,000 Nagasaki.

Siri ya vita iliwafunika wachimbaji: hawakuelezwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Mwaka 1946 Sengier alivishwa nishani na serikali ya Marekani. Sharp naye alishaenziwa kwa madini yaliyopatikana mgodini hapo na kupewa jina lake, sharpite.

Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yakazibwa kwa zege. Lakini ardhi ile ina kobalti pia, na mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi na sururu na makoleo, wakichimba katika udongo wenye mionzi. Januari 2004 rais wa Kongo aliamuru uchimbaji huo upigwe marufuku. Hata hivyo, Julai mwaka huohuo mashimo yakaporomoka, wakafa watu wasiopungua 8.

Radiamu, urani, kobalti: soko limebadilika mara mbili Shinkolobwe. Lisilobadilika ni kwamba anayelishika jiwe kwa mkono wake ndiye wa mwisho kuambiwa ameshika nini.